Majani Mabichi Kabla ya Kona

Kwa Cherono, baiskeli ilikuwa na harufu ya maziwa. Hata hii ya Marekani, ya buluu, ambayo shemeji yake Ndirangu aliiokota kando ya mapipa ya taka nyuma ya majumba yao kule Silver Spring, ilimnukia maziwa kila mvua ilipoinyeshea. Ndirangu alicheka sana aliposikia habari hiyo.

"Shemeji, hiyo ni kutu," alisema.

Cherono akatabasamu tu, maana kubishana hakukuwa kazi yake. Lakini alijua alichokinusa. Kwao, kwenye vilima vya chai karibu na Litein, baba yake alikuwa mpeleka maziwa. Alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya michai kama blanketi lisilotaka kukunjwa, baba alifunga mikebe miwili ya bati kwenye karia kwa mipira ya tyubu kuukuu, akaisukuma baiskeli mpaka barabarani, kisha akarusha mguu. Mikebe iligongana taratibu mteremko mzima, na mama akiwa jikoni aliweza kusema, kwa kusikiliza tu, "Sasa amefika darajani. Sasa anapanda kwa Wamisheni."

Cherono alijifunza baiskeli hiyo kabla miguu yake haijafika kwenye pedali. Alipitisha mguu mmoja chini ya chuma cha katikati, mwili umeinama upande kama mtu anayechungulia uvungu wa kitanda, akaenda hivyo hivyo, nywele zikisugua karibu na gurudumu. Baba alimwacha aanguke mpaka akachoka kuanguka. Jambo moja tu ndilo alilomfundisha kwa maneno.

"Ukianguka barabarani, au ukikuta gari limekufa, kata majani kwanza. Maziwa utayalilia baadaye."

"Niyaweke wapi?"

"Mbali, kabla ya kona. Majani yanayowekwa karibu na ajali ni maua ya kaburi. Na yawe mabichi. Makavu ni takataka, hakuna anayesimama akiyaona."

Asubuhi moja ya mvua trekta la kuni liliharibika nyuma ya kona ya msitu, na dereva wake akaenda kunywa chai. Hakuweka hata jani moja. Baba alitokea kwenye ukungu na mikebe yake miwili, na alipoliona trekta alikuwa tayari ameshaligonga. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali ambapo mifupa haiungani vizuri. Cherono alikuwa darasa la sita. Kesho yake ng'ombe walikamwa kama kawaida, mikebe ikajaa, na dada yake Jerotich alikuwa mbali akisomea uuguzi. Basi Cherono akaifunga mikebe kwa mipira ya tyubu akaisukuma baiskeli barabarani. Darasani hakurudi tena. Watu walimcheka njiani, msichana na mikebe ya maziwa, naye akajifunza kuangalia gurudumu la mbele badala ya nyuso zao. Pengine ndipo haya ilipomwingia ikakaa.

Miaka ikapita. Jerotich akaolewa na Ndirangu, wakafika Marekani, wakapata mtoto, na wakamleta Cherono amlee. Mtoto alipoanza shule ya chekechea, Jerotich akamtafutia mdogo wake kazi kwenye chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wazee, ng'ambo ya kijito. Basi la huko lilitaka uongee na dereva, ushike chenji, uvute kamba watu wote wakikuangalia. Baiskeli haikutaka uongee na mtu. Cherono aliifunga kreti ya plastiki nyuma, mahali karia ingekuwa, kwa vipande vya tyubu, na Septemba yote akaenda kazini akipita njia ya waenda kwa miguu kando ya kijito, akisikiliza maji upande mmoja, akijisemea moyoni: sasa nimefika darajani, sasa napanda kwa Wamisheni.

Halafu ikaingia Oktoba.

Miti ikageuka rangi, ikawa myekundu na ya manjano, Cherono akaona ni uzuri tu. Kisha ikaanza mvua, mvua ya baridi isiyo na radi, inayonyesha bila haraka kama mtu aliyelipwa kwa siku. Majani yakaanguka. Na asubuhi moja, akikata mitaa kuelekea kijitoni, akakuta rundo la majani limewekwa barabarani. Akafunga breki. Mbele yake rundo jingine. Na jingine. Yamepangwa vizuri kabisa kando ya lami, moja baada ya moja, yakielekea kwenye kona.

Alishuka. Akaisukuma baiskeli polepole, shingo imenyooka, akachungulia kona. Hakukuwa na lori. Hakukuwa na gari lililokufa, wala mtu amelala. Mtaa ulikuwa umetulia, na mbele ya kila nyumba kulikuwa na rundo. Akafikiri, labda ajali iko kona ya mbele zaidi. Akaendelea kusukuma. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua alikuwa akichukua gazeti lake, akamwangalia msichana huyu anayenyata na baiskeli kama anayemvizia kuku. Cherono aliona haya kumwuliza. Alisukuma mtaa mzima, akafika kazini amechelewa, maji yakimtoka viatuni, na mstari wa matope mgongoni kwa sababu baiskeli za huku hazina madigadi.

Kesho yake ikawa vilevile. Akili ilimwambia hakuna lori. Lakini mikono ndiyo inayoshika breki, na mikono yake ilikuwa imesoma shule nyingine.

Msimamizi wa chumba cha kufulia aliitwa Wayne, mwanamume mnene mwenye sauti ya chini, aliyevaa miwani kwenye kamba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashuka ya wazee waliojikojolea usiku kucha, na mashine zisizojijaza zenyewe. Siku ile ya pili alimwinulia Cherono vidole viwili. Kisha akainua cha tatu, akapitisha kiganja hewani kama mtu anayefuta meza. Kiingereza cha Cherono kilikuwa kidogo, lakini kiganja kile alikielewa.

Jioni alimweleza dada yake. Jerotich alikuwa akikanda unga wa chapati, akasimamisha mikono.

"Ngoja. Ulishuka kwa nini?"

"Kulikuwa na majani."

"Majani gani?"

"Ya kuonya. Barabara yote."

Jerotich alimtazama, kisha akaketi chini, sakafuni kabisa, akacheka mpaka machozi yakachora njia kwenye unga uliokuwa shavuni. Ndirangu akaja mbio kutoka sebuleni.

"Nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Ndilo tatizo! Cherono anatafuta maiti!" Jerotich akamweleza kwa shida, akishika mbavu.

"Shemeji," Ndirangu alisema, naye ameshaanza kucheka, "hao watu wamefagia nyua zao. Lori la kaunti litakuja kuyazoa. Kama kila rundo lingekuwa ajali, Marekani ingekuwa imeisha watu."

"Sasa mtu akipata ajali hapa anaweka nini?"

"Anawasha taa za gari. Anapiga simu. Ai, shem! Majani ni ya nyumbani."

Cherono naye alicheka, kwa sababu kicheko cha Jerotich kilikuwa kilekile cha jikoni kwa mama. Lakini usiku ule alipojifunika blanketi alisikia uzito. Kazi ile ndiyo ilikuwa mlango wake wa kutoka nje kila siku. Akiipoteza, atabaki ndani ya nyumba ya dada yake, akingoja mtoto arudi kutoka shule, akiangalia mvua dirishani. Jerotich alikuwa ameshasema: ukichelewa tena ukafutwa, hiyo baiskeli nitairudisha kwenye mapipa.

Basi akajifunza kupita majani bila kushuka. Alikaza macho kwenye gurudumu la mbele, akayakanyaga, yakalia chini ya tairi kama karatasi iliyolowa. Hakuchelewa tena. Lakini kila rundo alilolipita alihisi kama amempita mtu mzima bila kumwamkia.

Kwenye njia ya kijito hakuwa peke yake. Karibu kila asubuhi mtu mmoja alimtokea nyuma, mrefu, koti la rangi ya chungwa, kofia ngumu, uso umefungwa kitambaa mpaka puani. Alikuja kwa kasi, akapiga kengele, *kriiing*, akapita akamwachia maji ya tope. Kwao kengele ilikuwa salamu. Baba alikuwa na mlio mmoja wa mwalimu mkuu na mwingine wa wakwe. Kengele ya huyu bwana ilikuwa amri tu: toka. Cherono alimpa jina moyoni, Trekta, na kila alipoisikia kengele ile alijibana pembeni.

Novemba ilikuwa imekolea siku mvua iliponyesha usiku kucha na upepo juu yake. Cherono alitoka giza halijaondoka vizuri. Kijito kilikuwa kimevimba, rangi ya chai ya maziwa, kikiguruma. Baridi ilimwingia kwenye vidole hata ndani ya glavu za Ndirangu alizozifunga kwa mipira mikononi zisimtoke. Alikwenda pole. Kabla ya daraja la mawe njia iliteremka, ikakata kona kali chini ya mwamba, na pale, baada tu ya kona, mti mkubwa ulikuwa umelala kutoka upande hadi upande.

Aliuona akiwa amekaribia mno. Breki zilizolowa hazikushika. Gurudumu likagonga gogo, naye akaruka akaangukia mkono na goti.

Alikaa kwenye matope, akajipapasa. Goti lilikuwa likitoka damu kupitia suruali, lakini lilikunjika. Baiskeli ilikuwa nzima, kreti tu imepasuka. Akainuka. Akaipandisha baiskeli juu ya gogo, akiibana kwapani, matawi yakimchuna uso, akaishusha upande wa pili. Akashika usukani. Muda bado ulikuwapo. Akikazana, angefika kabla ya Wayne kutoka na miwani yake mlangoni.

Akaweka mguu kwenye pedali. Na hapo akamfikiria Trekta.

Angekuja nyuma yake, kama kawaida, kwa kasi ile ya mteremko. Yeye alikuwa amekwenda pole na bado ameanguka. Yule angetokea kwenye kona hii kama jiwe la manati, na gogo lilikuwa na vigutu vya matawi vilivyovunjika, vimechongoka, vimeelekea juu usawa wa kifua.

*Kwani ni wa kwetu?* alijiuliza. *Hata salamu hanipi.* Alisikia kama baba yupo pale, akichechemea na fimbo yake, haulizi kitu, anamwangalia tu mikono.

Aliiegemeza baiskeli kwenye gogo, akarudi upande wa kwanza.

Ndipo tatizo lenyewe lilipomjia, akasimama kwenye mvua karibu acheke. Majani! Njia nzima ilikuwa majani. Mekundu, ya manjano, ya kahawia, yamelala tangu mteremkoni mpaka majini. Uweke majani kwenye nchi iliyojaa majani, nani atayaona?

*Yawe mabichi.*

Alitazama huku na huku. Juu kidogo ya njia, kwenye ukingo, kulikuwa na miti midogo ambayo haikuwa imevua nguo, ya jamii ya ule ambao kwao waliukata wakati wa Krismasi. Akapanda, akiteleza kwa magoti. Hakuwa na panga. Alivunja matawi kwa mikono, akayakunja, akayasokota mpaka maganda yakaachia, utomvu ukamgandisha vidole. Harufu ikapanda, kali, harufu ya Desemba nyumbani, ya kanisa lililopambwa. Akayabeba kifuani mpaka juu kabisa ya mteremko, mbali, kabla ya kona. Akaweka tawi la kwanza katikati ya njia. Akateremka hatua kadhaa, akaweka mengine mawili, kisha fungu kubwa karibu na kona. Kijani kikalala juu ya manjano, kikaonekana kama kitambaa kipya kwenye rundo la mitumba.

Alikuwa bado ameinama aliposikia tairi zikija juu ya mteremko, zikinguruma majini. Hakukuwa na kengele. Badala yake zikalia breki, ndefu, mpaka mwisho.

Trekta alikuwa amesimama kwenye tawi la kwanza, mguu mmoja chini. Aliangalia tawi. Akaangalia la pili. Akashusha kitambaa puani, na chini yake ulikuwa uso mweusi wa kijana mwenye ndevu chache, umeduwaa. Kisha akapaza sauti, kwa Kiswahili, kama mtu anayeongea na usingizi wake:

"Jamani! Semi-trela imelala wapi hapa?"

Midomo ya Cherono ilikuwa imekufa ganzi, na maneno yalikuja yote kwa pamoja yakabanana mlangoni.

"Ni mti," alisema hatimaye. "Baada ya kona."

Yule kijana alishuka, akatembea mpaka kwenye kona, akachungulia. Alikaa huko kidogo. Aliporudi hakuwa na utani usoni. "Dada," alisema, "mimi nisingesimama pale. Pale hata breki za ndege hazisimami." Akajishika kifua usawa ule wa vigutu. "Nilipoona kijani, mikono ikafunga breki yenyewe. Kichwa kikaja baadaye kuuliza kwa nini. Wewe ni wa wapi?"

"Kenya. Kericho."

"Mimi Laurean, wa Bukoba. Napika kwenye jiko la hospitali, hapo mbele. Nimekupita miezi miwili hii nikidhani... aa, na kofia hiyo na mitandio, nilijua Mhabeshi."

"Mimi nilikuita Trekta."

Alisema hivyo bila kukusudia, na papo hapo akataka ardhi immeze. Laurean alicheka mpaka kijito kikamrudishia.

"Stahili yangu! Haya, pole kwa goti. Kimbia, umechelewa. Mimi nitangoja hapa kidogo niwazuie wengine, jikoni kwetu supu haina mbio."

Alikuwa amechelewa kweli. Wayne alikuwa mlangoni, miwani ikining'inia, na nyuma yake matoroli ya mashuka yamepanga foleni. Alitazama matope, akatazama goti, akauliza kitu kwa sauti ya chini. Cherono alikusanya Kiingereza chake chote. Akasema mti. Akasema ameanguka. Kisha akasema kile alichotaka hasa kieleweke, kwamba ameweka majani.

"Majani?" Wayne akageuka dirishani. Uwanja mzima wa magari ulikuwa umefunikwa na majani, na mtu wa kaunti alikuwa akiyafagia. Wayne alimtazama tena Cherono, kwa huruma iliyochoka, kama anavyowatazama vikongwe wa pale wanaouliza waume zao watakuja saa ngapi. Akainua vidole vitatu. Hakupitisha kiganja safari hii. Hakukuwa na haja.

Lakini hakumtoa nje vile alivyolowa. Alimpa shuka safi ajifunike, akamfunga goti, akalitia koti lake kwenye mashine kubwa ya kukaushia. Cherono alikaa kwenye kiti cha chuma akilitazama likizunguka, linapanda linaanguka. Joto la chumba kile lilikuwa joto la jikoni kwa mama siku ya mvua. Hakulia. Aliporudishiwa koti lilikuwa la moto kama chapati, na alikwenda nalo nyumbani likipoa polepole mgongoni.

Jerotich alikasirika siku mbili, kisha akakasirika kidogo, na baiskeli ikabaki kwenye ngazi kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa. Jumapili, baada ya kanisa, walinunua kadi ya simu, wakapiga simu duka la sokoni Litein, mahali baba alipokuwa akingoja tangu mchana na fimbo yake. Cherono alimweleza yote, pamoja na kazi.

Simu ilivuma. Cherono akaibana zaidi sikioni.

"Mbali kiasi gani?" baba akauliza.

"Juu ya mteremko. Kabla ya kona."

"Mabichi?"

"Mabichi, baba. Nilivunja kwa mikono."

Akamsikia akigeuka, akiwaambia watu wa dukani kwa sauti ya mtu anayetangaza mahari: "Mabichi! Kule kwenye baridi!" Sauti zikamjibu, mtu akapiga mluzi. Kisha baba akarudi, sasa kwa sauti ya chini ya alfajiri, ya kufunga mikebe.

"Na uliyaondoa?"

"Niyaondoe?"

"Mti ukishaondolewa, majani yaondolewe. Usiwaache watu wakiogopa kitu ambacho hakipo. Watazoea, na siku ya ajali hawatasimama. Kazi utapata nyingine. Nenda kayaondoe."

Jumatatu hakuwa na mahali pa kwenda. Mvua ilikuwa ikinyesha ileile. Jerotich alimwona akivaa glavu na kufunga mipira mikononi.

"Unaenda wapi na mvua hii, na huna kazi?"

"Kuna kitu nimeacha barabarani."

Jerotich aliitazama mipira ile. Labda naye alisikia mikebe. "Basi vaa soksi mbili," alisema.

Safari hii alizunguka kwa barabara, akaingia njia ya kijito kutokea upande wa daraja, asiteremke mteremko ule kwenye mvua. Mti ulikuwa umekatwa vipande na kusukumwa pembeni, mbao zake mpya zikinuka. Cherono aliupita ule mwamba, akakata kona, akaanza kupanda mteremko akiisukuma baiskeli. Fungu la karibu na kona halikuwapo. Yale matawi mawili ya katikati hayakuwapo. Juu kabisa alimwona mtu wa koti la chungwa ameinama katikati ya njia, baiskeli yake imelazwa nyasini, ameshika kwapani matawi mabichi kama mtu anayetoka kukata majani ya ng'ombe.

Laurean alimwona, akaacha tawi la mwisho lilipolala. Akalionyesha kwa kidevu.

"Hilo lako," alisema. "Nilijua utakuja."